Nzi hawa wawili wakikutana wanazaliana vizuri tu, ila hawakutani. Saa peke yake inatosha kugawa spishi?

#1 Mchungwa wa Muheza
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linanizunguka kichwani tangu msimu wa maembe, na humu najua kuna walimu, watu wa kilimo na waliowahi kushika hadubini, naomba tulichambue pamoja.

Australia wana nzi wa matunda wawili, Bactrocera tryoni na Bactrocera neohumeralis. Wanakaa misitu ileile, wanataga kwenye matunda yaleyale, ukiwatazama utofauti ni rangi ya mabega tu, mmoja manjano mwingine kahawia. Ukiwafungia pamoja maabara wanazaa, na watoto wao nao wanazaa. Jeni zao karibu zote zinafanana. Lakini porini wamebaki wawili miaka yote. Sababu inayotajwa ni kwamba tryoni anapandana magharibi tu, kile kipindi kifupi giza linapoingia, na neohumeralis anapandana mchana mwanga ukiwa mkali. Basi, hakuna mto kati yao, hakuna mlima.

Mimi dai langu ni hili: saa ya kupandana ikishahama, spishi moja inakuwa mbili hata kama wanalala mti mmoja. Anayepinga aje na mfano.

#2 Binti Chuda
Nafuatilia. Ila kwani nzi ana saa gani? Si anaona jua limezama tu kama kuku anavyojua muda wa kuingia bandani?

#3 Ticha wa Ngamiani
@Binti Chuda hapo ndipo utamu ulipo. Ukimweka nzi kwenye giza totoro siku kadhaa, hana jua la kutazama, bado anachangamka na kulala kwa mzunguko wa karibu saa 24. Mwaka 1971 Ronald Konopka na Seymour Benzer kule Marekani walipata vile vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu vyenye hitilafu, mmoja mzunguko wake saa 19, mwingine saa 28, mwingine hana mpangilio kabisa, na hitilafu zote tatu zikaangukia sehemu moja ya kromosomu X. Jeni hiyo wakaiita periodi. Na zingatieni walianzia wapi, walikuwa wanaangalia nzi anatoka kwenye pupa saa ngapi, maana kawaida hutoka alfajiri, kwa hiyo jeni ileile inagusa muda wa kuzaliwa na muda wa kuchangamka.

Inavyofanya kazi ni hivi, jeni inatengeneza protini yake, protini inajikusanya jioni pamoja na mwenzake anaitwa TIM, usiku zinaingia ndani ya kiini cha seli zinaizima jeni ileile iliyoizaa, zikishavunjika asubuhi jeni inawaka upya. Mwanga wa asubuhi unaiharibu TIM kupitia protini nyingine inaitwa kriptokromu, ndiyo maana saa ya ndani inajisahihisha na jua kila siku, kwa hiyo jua lina kazi yake lakini si lenyewe linaloendesha. Hall, Rosbash na Young walipata Nobeli ya 2017 kwa kazi hii. Na kwa faida ya mleta uzi, hao nzi wawili wa Australia wameonekana kutofautiana kwenye kiwango ambacho jeni ya kriptokromu inafanya kazi.

#4 Mchungwa wa Muheza
Ahsante ticha, umenipa silaha.

#5 Hadubini
Mimi napinga, na silaha yako naiona ya upande mmoja. Nimekusanya mbu vijiji vya Muheza muda mrefu kwa hiyo mfano wangu ni wa nyumbani. Anopheles anapandana magharibi, madume yanajikusanya kundi hewani, jike anaingia, anashikwa, wanatoka wawili, na ndani ya nusu saa hivi kundi limetawanyika. Sasa Afrika Magharibi kuna Anopheles gambiae na Anopheles coluzzii, hadi 2013 walikuwa wanahesabiwa spishi moja yenye maumbo mawili, S na M. Wote wanaruka magharibi! Muda unapishana kidogo mno. Kinachowatenga ni mahali, mmoja anapenda kukusanyika juu ya ardhi tupu, mwingine juu ya kitu chenye rangi tofauti na ardhi kama kisima au lundo la takataka. Na hata wakichanganyika hewani bado kuna mlio wa mabawa, dume na jike wanalinganisha sauti zao kabla ya kushikana.

Huku pwani ya Tanga tuna gambiae, arabiensis na merus wa maji chumvi, kwa macho huwatofautishi hata uwe na miwani mitatu. Walitofautishwa kwa kuwapandisha maabara, kazi ya George Davidson miaka ya 1960, ikaonekana chotara wa kiume ni tasa. Wote wa magharibi, wote hawachanganyiki kiholela. Saa iko wapi hapo?

#6 Binti Chuda
Kwa nini wa kiume tu ndiye tasa? Wa kike anasalimikaje?

#7 Hadubini
@Binti Chuda J.B.S. Haldane aliliandika hilo 1922. Chotara wakiwa na jinsia moja inayodhoofika, basi ni ile yenye kromosomu mbili zisizofanana. Kwa mbu na nzi ni dume, X na Y. Kwa vipepeo na nondo ni kinyume, jike ndiye mwenye mbili tofauti na yeye ndiye anayeumia. Maelezo ya kwa nini yako mengi, linalopendwa zaidi ni kwamba X moja haina mwenzake wa kuficha jeni isiyoelewana na upande wa pili.

#8 Handeni Mahindi
Jamani mnaongea nzi na mbu, mimi nataka kujua habari za kiwavijeshi vamizi. Tangu kaingia nchini 2017 huku Handeni hatulali. Yeye naye ana saa?

#9 Dada Agro
@Handeni Mahindi pole kaka, na swali lako limeingia palepale kwenye mada. Kwao, bara la Amerika, kiwavijeshi vamizi ana koo mbili, ukoo wa mahindi na ukoo wa mpunga. Nondo wao hutawatofautisha kwa sura. Ukoo wa mahindi unaita na kupandana mapema usiku, ukoo wa mpunga unasubiri usiku umeshakwenda sana. Walipotafuta ni jeni gani inasababisha hilo, mshukiwa aliyejitokeza ni jeni ya saa inaitwa vrili, ambayo ni ndugu wa kazi na periodi aliyoisema ticha. Kwa hiyo Mchungwa ana hoja.

Lakini tazama kilichotokea Afrika. Hawa wetu ukiwapima, alama ya jeni upande mmoja inasema mahindi na alama ya mitokondria (zile jeni zinazorithiwa kwa mama tu) inasema mpunga, mdudu yuleyule mmoja! Maana yake wameshavuka ukuta na kuchanganyika. Sasa kama saa ingekuwa ukuta wa kutosha wangechanganyikaje? Mimi naona saa inapunguza kukutana, haizuii. Na usisahau koo hizo zinatofautiana pia harufu ambayo jike anaitoa kuita dume.

#10 Ticha wa Ngamiani
Dada Agro kwenye harufu mtaje na funza wa mahindi wa Ulaya, Ostrinia nubilalis. Ana aina E na aina Z, jike anachanganya harufu mbili kwa uwiano wa kupishana, na dume wa E hajibu vizuri harufu ya Z. Halafu juu ya hapo wengine wanatoa kizazi kimoja kwa mwaka na wengine viwili, kulingana na funza anaamka lini baada ya baridi, na muda huo wa kuamka umefungwa na jeni periodi na jeni ya kipokezi kinachofanya kazi na saa hiyohiyo. Yaani mdudu mmoja ana kuta mbili, harufu na majira. Hapo ukitaka kusema ipi ilianza utakesha.

#11 Jirani wa Pongwe
Na kumbikumbi je? Kwetu kuna wanaotoka mchana mvua ikikatika tu, watoto wanawakimbiza, na kuna wakubwa wanaotoka usiku wanajaa kwenye taa. Nilijua ni walewale wamechelewa.

#12 Mhaya wa Makorora
Kumbikumbi mnaongelea mbele ya senene? Tanga bwana mna chakula kizuri cha baharini, mambo ya wadudu tuachieni sie.

#13 Hadubini
@Jirani wa Pongwe mara nyingi sio walewale. Kila spishi ya mchwa ina saa yake na aina yake ya mvua ya kutolea wenye mabawa. Na ndani ya spishi moja vichuguu vingi vinafungua siku moja, faida yake ni mfalme wa kichuguu hiki anampata malkia wa kile, hawaoani ndugu. Hapo saa inafanya kazi mbili, inawakutanisha wa aina moja na inawapishanisha na wengine. @Mhaya senene leteni tuonje kwanza.

#14 Mvuvi wa Sahare
Mi nasoma kimyakimya ila hii ya saa imenigusa. Sie baharini saa yetu ni mwezi. Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanatoka sana kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, kina mama wanashuka kuokota chaza, maji mafu hamna kitu. Sasa hakuna mdudu anayefuata bamvua?

#15 Ticha wa Ngamiani
@Mvuvi wa Sahare yupo, na hakuna mdudu ninayempenda zaidi ya huyo. Anaitwa Clunio marinus, kiusubi kidogo cha miamba ya pwani za Ulaya. Funza wake wanakaa chini kwenye mwani ambao siku nyingi umefunikwa na maji. Akishakuwa na mabawa anaishi masaa machache tu, ndani ya hayo lazima atoke, apate mwenza, atage, na mayai lazima yaangukie mwani ulio wazi. Kwa hiyo anahitaji siku ya bamvua NA saa ya maji kutoka. Wewe mwenyewe umeshajibu anavyoweza, kwamba mahali pamoja maji ya bamvua yanatoka saa zilezile, kwa hiyo akiwa na saa moja ya mwezi ya kumpa siku na nyingine ya jua ya kumpa muda, hesabu imekamilika.

Sasa pwani nyingine maji yanatoka muda mwingine. Clunio wa kila pwani ana muda wake na ni wa kurithi, Dietrich Neumann alipandisha wa pwani mbili tofauti chotara wakatoka katikati ya muda wa wazazi wote wawili. Fikiria chotara huyo akiwa porini, anatoka maji yamefunika mwamba. Mwaka 2016 kikundi cha Tobias Kaiser kilisoma jenomu yake nzima wakakuta tofauti za saa ya siku zinaendana na namna jeni ya kimeng'enya kimoja cha kalsiamu inavyokatwa na kuungwa.

#16 Mvuvi wa Sahare
Masha Allah. Kiusubi kina akili kuliko manahodha wengine wa hapa hapa.

#17 Mtanga Illinois
Niko Marekani ila kwetu ni Usagara. 2024 tulishuhudia nyenje wa mitini hapa, kelele mpaka unashindwa kuongea na simu nje. Kuna wanaokaa ardhini miaka 13 na wanaokaa miaka 17 ndipo watoke wote kwa pamoja. Mwaka huo kundi moja la 13 na moja la 17 yalitoka pamoja, mara ya mwisho ilikuwa 1803, inayofuata 2245. Hawa ndio mfano bora wa mleta uzi, wanakutana kila baada ya miaka 221 watazaliana lini?

#18 Hadubini
Mtanga usikimbilie. Hao 1803 na 2245 ni makundi mawili mahsusi. Makundi ya 13 na ya 17 yapo mengi, kwa hiyo jozi nyingine hukutana miaka mingine. Jumla ni spishi saba, tatu za miaka 17 na nne za 13, na kila ya 13 ina pacha wake wa 17 ambaye kwa jeni ni ndugu wa karibu sana. Yaani kuruka kati ya 17 na 13 kumetokea zaidi ya mara moja kwenye nasaba. Ila ndani ya kundi moja la miaka 17 kuna spishi tatu zinazotoka mwaka mmoja, msitu mmoja, na hazichanganyiki kwa sababu ya wimbo. Wanatoka pamoja na bado ni watatu. Saa hapo imewaunganisha, haijawatenga.

#19 Kijana wa Raskazone
Mbona mnauacha mfano mkuu kuliko wote, nzi wa tufaha, Rhagoletis pomonella! Alikuwa anakula tunda pori la mti wa miiba Marekani, wazungu wakaleta tufaha, miaka 400 iliyopita akahamia kwenye tufaha na sasa ni spishi mpya. Tufaha linaiva kabla ya lile tunda pori kwa wiki tatu nne, nzi anaishi kama mwezi, na anapandania juu ya tunda lenyewe. Pupa wa tufaha na pupa wa tunda pori wanaamka ardhini kwa muda tofauti, imeisha hiyo.

#20 Dada Agro
Mfano ni mzuri, tarehe zirekebishwe. Tufaha lilifika miaka ya 1600, lakini nzi kulishambulia kumeandikwa katikati ya miaka ya 1800, Benjamin Walsh ndiye aliyelipigia kelele miaka ya 1860. Kwa hiyo mgawanyiko una umri wa karne moja na nusu na ushee, si nne. Na wengi hawawaiti spishi mbili bado, ni koo mbili zilizo njiani, maana kila kizazi asilimia 4 hadi 6 wanavuka na kupandana upande wa pili.

Halafu kuna kinachonikosesha usingizi. Kikundi cha Jeff Feder kilipofuatilia zile jeni za kulala na kuamka zinazotofautiana kati ya koo mbili, wakakuta zimekaa kwenye vipande vya kromosomu vilivyogeuka, na asili yake inaonekana kuwa nyanda za juu za Meksiko, zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, kwa nzi waliotengwa kijiografia. Maana yake tufaha halikuzaa jeni mpya ya saa. Lilikuta akiba ya zamani, ikachujwa. Kwa hiyo hata mfano mkuu wa "bila mlima kati" una mlima ndani yake.

#21 Mchungwa wa Muheza
Dada hiyo ya Meksiko nakubali ni nzito. Lakini akiba ilikuwa ya nini? Ya MUDA. Bila tofauti ya muda wa kuiva hiyo akiba ingekaa bure.

#22 Kijana wa Raskazone
Na kuna nyigu wanaotaga ndani ya funza wa hao nzi, nao wameanza kugawanyika kufuata mwenyeji wao, wa tufaha mapema, wa tunda pori baadaye. Muda mmoja umegawa viumbe wawili.

#23 Mama Chumbageni
Wanangu nawasoma, mmeongea vizuri. Kila kiumbe Mwenyezi Mungu kampa wakati wake. Ila mnasema moja imekuwa mbili, nani ameona kwa macho yake ikigawanyika?

#24 Ticha wa Ngamiani
Shikamoo mama. Swali lako ndilo watafiti wanajiuliza pia. Karibu zaidi na kuona kwa macho ni nondo wa misonobari wa Ureno, Thaumetopoea pityocampa. Kawaida viwavi wake wanakula majani kipindi cha baridi. Mwaka 1997 kwenye msitu wa Leiria wakakutwa viwavi wakila kiangazi, nondo wao wanaruka miezi kadhaa kabla ya wenzao wa msitu huohuo. Kwa jeni ni tawi la walewale wa hapo, na wanaovuka ratiba na kuchanganyika ni wachache mno.

Mfano wa pili ni wa maabara, mdudu tunaye hapa, nzi wa matikiti na maboga, Bactrocera cucurbitae ambaye sasa wanamwandika Zeugodacus. Takahisa Miyatake wa Japani alichagua nzi kwa kasi ya kukua tu. Upande huu aliacha wazae wanaokua haraka, upande ule wanaokua taratibu. Hakugusa muda wa kupandana hata kidogo. Baada ya vizazi akakuta wa haraka wana saa fupi ya ndani, kama saa 22, na wanapandana mapema jioni, wa taratibu saa yao imevuka 24 wanapandana giza limeshaingia kabisa. Akiwaweka pamoja, wengi wanachagua wa upande wao kwa sababu tu wengine bado hawajaanza au wameshamaliza. Mwanzoni alishukiwa periodi, baadaye macho yakahamia kriptokromu.

#25 Hadubini
Hiyo ya Miyatake ndiyo inayonifanya nisiwe mbishi kabisa. Jeni moja inabeba ukuaji na saa pamoja, ukichagua hiki unapata na kile bila kuomba. Lakini ni maabara. Porini kizazi kimoja cha kuchanganyika kinavuruga kila kitu.

#26 Mzee wa Mbung'o
Vijana salaam. Mmegusa kazi niliyoifanya hapa hapa Tanga kabla ya kustaafu, kufuga mbung'o kwenye kituo cha utafiti. Mbung'o Glossina austeni walifugwa Tanga, wanalishwa damu ya ng'ombe kupitia utando, madume yanapigwa mionzi yanakuwa tasa, yanapakiwa kwenye ubaridi na kurushwa kwa ndege juu ya Unguja. Ilianza 1994, madume zaidi ya milioni 8 yakaachiwa, mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996 na Unguja haina mbung'o mpaka leo. Jike wa mbung'o kwa kawaida anapandwa mara moja tu, anazaa funza mmoja mmoja kila siku tisa kumi, kwa hiyo akishapata dume tasa habari yake imekwisha.

Kazi yote ile inasimama kwenye jambo moja, dume wa kufugwa awe tayari wakati jike wa porini yuko tayari. Dume mzembe au mwenye muda wake peke yake ni hasara ya damu na mafuta ya ndege.

Na kabla ya hapo, Tanganyika hii hii miaka ya 1940, F. L. Vanderplank alipeleka mbung'o wa aina ya morsitans kwenye pori la mbung'o wa swynnertoni. Wakapandana ovyo, chotara wakawa tasa, swynnertoni wakapungua sana. Hao saa haikuwatenga kabisa, walikutana na kupandana, kilichowatenga kilikuwa ndani ya uzao.

#27 Mchungwa wa Muheza
Shikamoo mzee. Kumbe Unguja imeponywa na Tanga, hili watoto wetu hawafundishwi.

#28 Dada Agro
Shikamoo mzee, umenikumbusha Okinawa, visiwa vya Japani. Walifuga huyohuyo nzi wa matikiti kwa mamilioni, wakamfuta visiwani mwaka 1993. Ugumu wa kufuga kwa wingi ni kwamba kiwandani unapenda anayekua haraka na kuzaa mapema, bila kujua unamchagua mwenye saa fupi, na Miyatake ametuonyesha kitakachofuata. Ukiendelea vizazi vingi unaachia madume yanayoanza kuchumbia kabla majike ya porini hayajafika. Hapa mada ya uzi inakuwa pesa ya serikali.

#29 Bwana Shamba Soni
Nimechelewa kufika. Huku Lushoto tuna pichi na plamsi, nzi tunaemjua ni Ceratitis. Nyongeza yangu ni kwamba yule aliyeitwa Ceratitis rosa aligawanywa 2016, wa juu kwenye baridi akaitwa Ceratitis quilicii, na mmoja wa walioandika ni Maulid Mwatawala wa SUA Morogoro. Wa juu anavumilia baridi, wa chini anavumilia joto. Mimi naona halijoto inapewa nafasi ndogo sana kwenye uzi huu, kwani joto linabadili kasi ya kukua, na kasi ya kukua inabadili lini mdudu anakuwa tayari kupandana. Huenda jeni ya saa inafuata nyuma tu.

#30 Hadubini
@Bwana Shamba Soni na ukitaka kuona kinyume chake, mtazame nzi wa embe. Alipoonekana Kenya na Tanzania 2003 akaandikwa kama spishi mpya 2005, Bactrocera invadens. Baada ya kupandishana na wa Asia, kupima harufu, jeni na maumbo, 2015 ikaamuliwa ni Bactrocera dorsalis yuleyule, na mwingine wa Asia aliyeitwa papayae naye akaingizwa humo. Jamaa yao carambolae akabaki spishi peke yake. Kigezo kikubwa ni hicho hicho, wanapandana kwa hiari na uzao unazaa. Sasa Mchungwa, kwa kigezo hicho tryoni na neohumeralis wako nao ni spishi moja?

#31 Mchungwa wa Muheza
Kibandani ndiyo. Porini hapana. Na mimi navuna porini.

#32 Kijana wa Raskazone
Hakuna aliyetaja bakteria. Wolbachia anakaa ndani ya mayai ya wadudu wengi, dume mwenye bakteria akimpanda jike asiye naye mayai yanakufa. Kuna nyigu wadogo, Nasonia, ambao chotara wao wanashindikana hasa kwa ajili ya Wolbachia, ukiwapa antibiotiki wanazaana. Hapo hakuna saa, hakuna harufu, hakuna mlima, na hata jeni za mdudu mwenyewe hazina neno kubwa.

#33 Ticha wa Ngamiani
Nami niongeze onyo kwa upande wangu mwenyewe wa saa. Miaka ya 1960 Alexander na Bigelow walisema nyenje wawili wa ardhini wa Marekani, mmoja anakomaa machipuko mwingine vuli, walitengana kwa majira tu. Ulikuwa mfano wa vitabuni. Baadaye mitokondria zikaonyesha hao wawili sio ndugu wa karibu zaidi kwa kila mmoja, kila mmoja ana ndugu yake mwingine. Kwa hiyo kupishana majira leo hakuthibitishi kwamba majira ndiyo yaliyowatenganisha.

Ila kuna jaribio sijalitaja. 2003 walichukua jeni periodi ya kinzi kimoja, Drosophila pseudoobscura, wakaiweka ndani ya Drosophila melanogaster, kile kinzi cha ndizi mbivu, asiye na periodi yake. Muda wa kupandana ukasogea kuelekea wa spishi iliyotoa jeni, na wakipewa uchaguzi wanapendelea wenye jeni kama yao. Jeni moja. Hilo sijaona aliyelijibu humu.

#34 Hadubini
Nalijibu: inaonyesha jeni moja INAWEZA. Haionyeshi kwamba ndivyo ilivyokuwa.

#35 Handeni Mahindi
Mimi nimeelewa nusu ila nusu hiyo imenitosha, sasa mniambie nipige dawa saa ngapi.

#36 Dada Agro
@Handeni jioni au asubuhi mapema, kiwavi akiwa nje ya moyo wa mhindi, na mapema akiwa bado mdogo, akishazama ndani ya mhindi dawa haimfikii. Nondo achana nao. @Mchungwa kwa nzi wako chambo cha protini nyunyiza asubuhi, majike hutafuta protini muda huo. Mtego wenye kivutio cha methili eujenoli utakukusanyia madume ya nzi wa embe tu, kwa nzi wa matikiti weka kivutio kinaitwa kyuluu, usichanganye vivutio viwili mtego mmoja.

#37 Mchungwa wa Muheza
Mitego ya aina zote mbili ninayo. Nitafungua adhuhuri na tena baada ya magharibi niandike nani kaingia lini, embe na matikiti kwangu yamepakana.

#38 Hadubini
Kuingia mtegoni sio kupandana mkuu, dume anafuata kile kivutio kwa muda wake mwingine, wengi asubuhi. Ukitaka muda wa kupandana kaa chini ya mwembe magharibi na tochi yenye karatasi nyekundu, utaona madume yanapepea mabawa kwenye majani. Picha ziwekwe humu.